Umeumia kwenye ajali ya basi: hospitali, polisi na fidia ni safari tatu tofauti

Kila basi linapopinduka, taarifa ya habari huwa na mpangilio uleule: waliofariki ni wangapi, majeruhi wangapi, wamelazwa hospitali gani, na dereva ama anashikiliwa ama ametoroka. Baada ya siku mbili habari inakufa. Yanayobaki ni mabishano ya vijiweni na mitandaoni. Mmoja anasema serikali italipa. Mwingine anasema dereva akikimbia, basi, habari imeisha. Wa tatu anaapa kwamba bima ndogo haimhusu abiria, na hakosekani anayetaja hadi bei ya mguu uliovunjika. Karibu yote hayo si kweli, na anayeumia kwa kuyaamini ni yuleyule ambaye tayari kaumia.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na baadhi ya sheria zake, na nje ya mipaka mambo hubadilika. Mambo ya nje ya mipaka yatafika mwishoni.

Tuanze na kinachochanganya kuliko vyote. Majeruhi ana mambo matatu yanayokwenda kwa wakati mmoja. La kwanza ni matibabu. La pili ni jinai: polisi wanachunguza ajali, na dereva akionekana ana kosa anashtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Hapo anayeshtaki ni Jamhuri, wewe ni shahidi tu. La tatu ni madai, yaani fidia: wewe unamdai mmiliki wa basi pamoja na dereva wake, na kampuni ya bima inabeba mzigo huo kwa niaba yao. Ni kama abiria watatu waliopanda basi moja pale stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, mmoja wa Morogoro, mmoja wa Dodoma, mmoja wa Mwanza. Wameanza safari pamoja, lakini mmoja akishuka haina maana wote wamefika. Dereva anaweza kufungwa na usipate hata shilingi. Unaweza kupona kabisa na bado ukawa na haki ya kudai. Unaweza pia kulipwa wakati kesi ya dereva haijaisha. Safari ya kwanza ina madaktari na manesi wa kuisukuma, na ya pili ina polisi na mwendesha mashtaka. Ya tatu haina wa kuisukuma isipokuwa wewe na ndugu zako.

Saa za mwanzo

Ukiwa na nguvu za kutembea, toka kwenye basi, nenda mbali na barabara na mbali na harufu ya mafuta. Lori la mafuta likiwa limehusika, usikaribie hata kwa hatua moja. Mlipuko wa Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, uliua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa waliokwenda kuchota petroli iliyomwagika. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kosa linaloumiza watu wengi eneo la ajali hutokana na huruma: majeruhi anavutwa kwa mikono miwili kupitia dirishani, shingo ikining'inia. Kama pingili za shingo au mgongo zimevunjika lakini uti wenyewe haujakatika, mvuto huo ndio unaoweza kuukata, na aliyekuwa atembee baada ya miezi michache akabaki kitandani. Kama hakuna moto wala hatari ya basi kubiringika tena, mwache alipo, shika kichwa chake kisiyumbe, ongea naye mpaka msaada ufike. Ikibidi kumtoa, watu wanne wambebe kichwa, mwili na miguu vikiwa kwenye mstari mmoja, ikiwezekana juu ya ubao au mlango uliong'oka. Damu inayotoka kwa kasi ikandamizwe kwa kitambaa bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Kipande cha kioo au chuma kilichozama mwilini hakichomolewi. Kifungwe kisitikisike mpaka hospitali, kwa sababu huenda ndicho kilichoziba mshipa.

Wale wanaosimama wakijipangusa vumbi na kusema "mimi mzima" wanahitaji tahadhari zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mshtuko wa ajali huficha maumivu kwa saa kadhaa. Bandama iliyochanika huweza kuvuja damu polepole, na dalili zikaanza jioni au kesho yake: tumbo kuuma na kujaa, jasho la baridi, kizunguzungu ukisimama, wakati mwingine maumivu ya ajabu kwenye bega la kushoto ambalo halikugongwa. Aliyegonga kichwa anaweza kuongea vizuri kisha, baada ya saa chache, akaanza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuchanganya maneno. Huyo hapelekwi kulala, anarudishwa hospitali usiku huohuo. Saa 24 hadi 48 za kwanza asilale peke yake chumbani. Mjamzito aliyekuwemo kwenye basi apimwe hata kama haumwi popote, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachia bila jeraha lolote la nje.

Aliyefungwa P.O.P., ile plasta ngumu ya mfupa, naye ana dalili yake ya kuijua. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikafa ganzi, vikawa vya baridi au vya bluu, na ukivinyoosha kidogo unapiga kelele, ina maana misuli imebanwa ndani na damu haipiti. Hapo kinachohesabiwa ni saa. Kumeza dawa ya maumivu na kusubiri kliniki ya Jumatatu ndiyo njia ya kupoteza mguu ambao ulikuwa umevunjika tu. Na kwa jeraha lolote lililoingia udongo, uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Ukifika mbele ya daktari, taja kila mahali panapouma, hata pale unapoona aibu kupataja kwa sababu mwenzako wa kitanda cha pili amekatika mkono. Goti lisiloandikwa kwenye faili siku ya kwanza, likaja kusumbua baada ya miezi mitatu, kampuni ya bima itasema uliliumiza kwingine. Na kwa karatasi zilivyo, itaonekana ina hoja.

PF3: inafuata matibabu, haiyatangulii

PF3 ni fomu ya polisi namba tatu. Polisi wanajaza sehemu ya juu: jina, tarehe, mahali, namna ulivyoumia. Daktari anajaza sehemu ya chini: ameona nini, ukubwa wa madhara, sahihi na muhuri. Ndiyo karatasi inayounganisha mwili wako na ajali ile.

Imani iliyozagaa ni kwamba bila PF3 hospitali haikugusi. Kwa majeruhi wa dharura si hivyo. Anatibiwa kwanza, fomu inafuata, na Wizara ya Afya imelisema hilo mara kadhaa. Kwa ajali kubwa polisi huenda wenyewe wodini na kuzijaza. Kwa ajali ndogo ndugu anaweza kwenda kituoni kuiomba kwa niaba yako. PF3 haiuzwi.

Imani ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kwamba kama umeshatibiwa na kuruhusiwa, PF3 haina kazi tena. Ni kinyume chake. Hospitali imeshamaliza nayo, ila dai lako ndiyo kwanza linaihitaji. Kabla haijapotea mikononi mwa watu, piga picha pande zote mbili na toa kopi tatu.

Isome hapohapo. Makosa yanayokwamisha madai mara nyingi ni madogo hadi yanachekesha: Mwajabu ameandikwa Mwajuma, tarehe ya ajali imewekwa tarehe ya kulazwa, herufi B kwenye namba ya gari imesomeka D. Jina kwenye PF3, kadi ya hospitali, tiketi na kitambulisho cha NIDA likitofautiana, utatakiwa kuapa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kusahihisha siku ileile ni dakika tano. Kusahihisha baada ya mwaka, askari aliyejaza akiwa amehamishiwa mkoa mwingine, ni wiki kadhaa.

Kuna fomu nyingine ambazo abiria wengi hawajawahi kuzisikia. PF115 ni taarifa ya awali ya ajali. PF93 ni ripoti ya ukaguzi wa gari: breki, usukani, matairi. PF90 ni taarifa ya mwisho ya polisi, na ndiyo ambayo kampuni ya bima huiulizia kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inaonyesha magari yaliyohusika, bima zake, na polisi wamemwona nani ana kosa. Pamoja nazo kuna mchoro wa eneo la ajali. Nyaraka hizo zinatoka kituo cha eneo ajali ilipotokea, si cha nyumbani kwako. Kwa hiyo kabla ya kusafirishwa kutoka Singida kwenda Dar es Salaam kwa matibabu, hakikisha mmoja wa ndugu ameondoka na namba ya jalada la polisi, jina la kituo na namba za usajili za magari yote, siyo la kwenu tu. Vitu hivyo vitatu vinaingia kwenye meseji moja ya simu. Bila hivyo mtu anarudi Singida kuanza upya.

Bima ndogo na abiria

Bima ya mtu wa tatu, ambayo mtaani tunaiita bima ndogo, ni ya lazima kwa kila gari linalotembea barabarani chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Mtu wa tatu ni yule aliyedhuriwa na gari: mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda, mwenye duka lililogongwa, na abiria aliyelipa nauli.

Mkanganyiko kuhusu abiria haukutoka hewani. Sheria hii kweli haimlazimishi mwenye gari binafsi kuwakatia bima watu anaowapa lifti. Lakini inapokuja kwa gari linalobeba abiria kwa malipo, abiria wamo. Mtu akasikia nusu ya kwanza, akaisambaza nchi nzima. Ukiwa ndani ya basi la mkoani, Kosta au daladala na umelipa nauli, bima ya lile gari inakuhusu. Ukiwa umejipachika juu ya mzigo kwenye lori kwa elfu tano ya dereva, una mgogoro mkubwa, kwa sababu lori hilo halikukatiwa bima ya kubeba abiria.

Cha kuelewa vizuri hapa ni kwamba bima hii hailipi kwa sababu umeumia. Inalipa kwa sababu umeumia kutokana na uzembe wa mtu ambaye kampuni imemkatia bima. Lazima uzembe uonekane: mwendo kasi, kuyapita magari mengine kwenye kona au mlima, dereva kusinzia, breki mbovu. Abiria kwa kawaida hana kosa, kwa hiyo swali si kama atalipwa, ni na nani. Mabasi mawili yakigongana uso kwa uso na polisi wakasema kosa ni la lile lingine, dai lako linakwenda kwenye bima ya lile lingine. Kama haieleweki, andika kwa kampuni zote mbili na waache wagombane wenyewe.

Wenye mabasi hupenda kusema tairi lilipasuka, ilikuwa bahati mbaya. Tairi kupasuka peke yake si utetezi. Swali ni kwa nini limepasuka, na jibu linaweza kuwa ndani ya PF93: tairi kipara, tairi la zamani, ukubwa usiofanana. Mfumo wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo wa mabasi, VTS, nao unahifadhi kasi ya basi. Mwisho wa kasi ya basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kumbukumbu ya 104 dakika moja kabla ya ajali inazungumza yenyewe. Omba kwa maandishi kumbukumbu hizo zitunzwe, na omba mapema.

Na wewe abiria una upande wako. Kama basi lina mikanda na hukufunga, au ulikuwa umening'inia mlangoni, kiasi cha fidia kinaweza kupunguzwa kwa sababu umechangia kujiumiza. Kinapunguzwa, haki yenyewe haiondoki.

Dereva aliyekimbia au kufariki haondoki na dai lako. Mmiliki anawajibika kwa kosa alilofanya mwajiriwa wake akiwa kazini, na bima iko juu ya gari. Kujua kampuni ya bima, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Angalia tarehe: bima iwe hai siku ya ajali, siyo siku unayohakiki. Kama basi halikuwa na bima, mmiliki ametenda kosa la jinai na bado unamdai yeye mwenyewe, mali yake ikiwemo. Serikali, LATRA na TIRA si walipaji. TIRA inasimamia kampuni za bima. Haina mfuko wa kukulipa.

Karatasi ndiyo pesa yenyewe

Hakuna orodha ya bei ya viungo kwenye bima ya mtu wa tatu. Fidia ina vipande viwili, na kila kimoja kina kanuni yake.

Kipande cha kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu: dawa, upasuaji, nauli, magongo, mshahara uliokatika. Hii inadaiwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kwa ushahidi, shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992, na mahakama za chini hulirudia kila siku: kilichodaiwa bila ushahidi hakitolewi, hata kama hakimu anaamini ulitumia. Kipande cha pili ni maumivu, ulemavu, furaha ya maisha iliyopotea. Hicho hakina risiti. Hakimu anakipima kwa busara yake, akiongozwa na ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu.

Sasa tazama risiti yenyewe. Nyingi za hospitali, famasia na mashine za EFD zinachapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, haina wino kabisa. Ukiiacha kwenye pochi, kwenye dashibodi ya gari au juu ya friji, maandishi yanafifia na baada ya miezi kadhaa umeshika karatasi nyeupe. Wengine kwa nia njema huenda kuzilaminetisha. Joto la mashine linaipaka karatasi yote weusi papo hapo. Toa kopi ya kawaida siku uliyoipata, ibane na risiti halisi, weka kwenye bahasha kavu, na picha iwe kwenye simu na kwa ndugu mmoja.

Nauli ya bodaboda kwenda kliniki haina risiti, na kila mtu anajua. Andika kwenye daftari la shule: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, jina la aliyekubeba na sahihi yake. Mtu uliyemlipa akuogeshe na kukupikia, naye asaini kila mwezi. Tarehe za daftari zilingane na tarehe za kadi ya kliniki. Zisipolingana, hata yale ya kweli yataanza kutiliwa shaka.

Mwajiriwa anathibitisha kipato kwa hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Mama lishe, fundi au mwenye genge ana kazi kidogo, ila siyo asiyeweza kuthibitisha: taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, daftari la mauzo, leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, barua ya serikali ya mtaa, risiti za manunuzi ya jumla. Kusema tu "nilikuwa napata laki moja kwa siku" hakutoshi, na ukitia chumvi kisha miamala ikaonyesha elfu 15, umejiharibia hata kile cha kweli.

Kuthibitisha ulikuwa ndani ya basi, tiketi mtandao imerahisisha: jina, kiti, tarehe, na meseji ya malipo vipo. Aliyepandia njiani bila tiketi atategemea PF3, orodha ya majeruhi ya polisi na abiria wenzake. Chukua namba za simu za watu wawili waliokuwa karibu nawe kabla hamjatawanyika.

Kupeleka dai, na karatasi ya kuogopa

Dai linaanza kwa barua kwa kampuni ya bima, nakala kwa mmiliki wa basi. Taja ajali, namba ya gari, namba ya stika ya bima, jeraha, na kiasi unachodai kikiwa kimevunjwavunjwa. Ambatisha kopi za PF3, PF90, mchoro, taarifa za matibabu, risiti na kitambulisho. Halisi baki nazo, utazionyesha zikihitajika. Nenda na nakala mbili za barua, moja wapige muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na uondoke nayo. Dai lililopelekwa kwa mdomo au kwa kumpa kondakta bahasha halikupelekwa.

Tenganisha taarifa na hesabu. Taarifa kwamba umeumia na utadai ipeleke mapema, ndani ya wiki za mwanzo. Hesabu ya mwisho isubiri daktari aseme umefikia pale utakapofikia. Paja lililovunjika huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, chuma kilichowekwa ndani huenda kikahitaji kutolewa baada ya mwaka mmoja au miwili, na gharama ya upasuaji huo wa pili ni sehemu ya dai lako la leo, mradi daktari ameiandika.

Hapo ndipo inapoingia karatasi ya kuogopa: dischaji vocha. Ni hati ambayo kampuni inakupa usaini kabla ya kutoa hundi, na ndani yake kuna sentensi inayosema malipo haya yanamaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye. Ukishasaini, chuma kikipinda mwezi ujao ni chako. Mara nyingi inakuja wakati mgonjwa yuko wodini, deni la hospitali limejaa, na milioni mbili zinaonekana nyingi. Isome, au msomewe na mtu anayejua. Ikiwa ni ya Kiingereza, omba itafsiriwe kabla kalamu haijashikwa.

Fedha ya pole kutoka kwa mwenye basi ni jambo jingine. Kupokea pole ni utu na hakufuti haki yako, alimradi karatasi unayosaini iandikwe kuwa ni pole au mchango wa matibabu, na kwamba haiathiri madai. Kama imeandikwa "tumemalizana," irudishe.

Vishoka wapo, na wanafika wodini mapema kuliko ndugu wengine. Wanajitambulisha kama watu wa bima au mawakili, wanachukua PF3 halisi, wanakusainisha hati ya kuwapa mamlaka ya kupokea fedha. Wakili wa kweli anaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa jina lake. Malipo yaingie kwenye akaunti yenye jina lako. Ukiwa huna uwezo wa wakili, kuna msaada wa kisheria unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anza na Chama cha Mawakili Tanganyika au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Kampuni ikikaa kimya au ikikataa, omba ikatae kwa maandishi na itoe sababu. Barua hiyo unaipeleka TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ofisi iliyoundwa mahsusi kwa malalamiko kama haya na ambako huhitaji kuwa na wakili.

Wakati unabishana, saa inahesabu. Shauri la madhara yatokanayo na uzembe lina ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. "Njoo mwezi ujao" zikirudiwa mara 36, miaka mitatu imeisha na huna tena pa kwenda. Ukivuka miaka miwili bila muafaka, mwone wakili afungue shauri dhidi ya mmiliki na dereva, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi kabla ya kufungua, kwa sababu wajibu wake wa kulipa hukumu unategemea kuarifiwa. Gari likiwa la serikali, kuna taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, kwa hiyo anza mapema zaidi. Mtoto aliyeumia hesabu yake huanza anapofikisha miaka 18, ingawa hakuna sababu ya mzazi kusubiri hadi ushahidi uoze.

Na ile kesi ya dereva? Ifuatilie ingawa si yako. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa kilichoamuliwa: akitiwa hatiani, nusu ya kazi yako ya kuthibitisha uzembe imeisha, na akiachiwa, umepata mlima. Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, nenda, hata kwa magongo. Kesi nyingi za trafiki huanguka kwa sababu tu mashahidi hawakufika. Hukumu ikitoka, omba nakala iliyothibitishwa na mahakama uiweke kwenye bahasha ileile ya risiti.

Wenye njia nyingine

Ukiumia ukiwa safarini kikazi, au ukiwa dereva au kondakta wa basi lenyewe, una mlango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko hauulizwi uzembe wa nani. Unaulizwa kama ulikuwa kazini. Mjulishe mwajiri mara moja. Yeye ana siku saba za kutoa taarifa WCF tangu ajue, na haki yako inaweza kupotea ikipita miezi 12 bila mwajiri wala Mfuko kujulishwa. Zile asilimia za viungo zinazotajwa vijiweni zina asili yake huku kwenye fidia ya wafanyakazi, siyo kwenye bima ya gari.

Kwa aliyefariki, wanaodai ni wategemezi: mwenza, watoto, wazazi, chini ya sheria inayohusu ajali zilizosababisha kifo, Sura ya 310. Familia ikae kikao, ichague msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama, na cheti cha kifo kipatikane RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kampuni haitalipa kwa mjomba aliyekuja tu na picha ya marehemu.

Mabasi ya Nairobi, Kampala, Lusaka au Lubumbashi yanatakiwa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mpango ambao Tanzania imo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo inafanya bima iliyokatwa nyumbani itambulike nchi ya jirani, lakini fidia hupimwa kwa sheria ya mahali ajali ilipotokea. Upande wa Kenya, kwa mfano, fomu ya majeruhi ni P3, taarifa ya polisi inaitwa abstrakti, na bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni tatu za Kenya kwa mtu mmoja. Nyaraka hizo zichukuliwe kabla ya kuvuka Namanga kurudi nyumbani, pamoja na kopi ya Kadi ya Njano ya basi lenyewe, kwa sababu kituo cha polisi cha Arusha hakiwezi kukuandikia ajali ya Kajiado.